Nani Anashusha Antena ya Mama Fundi?

Jalada lilikuwa na karatasi moja tu, na karatasi yenyewe ilikuwa imeshachekwa na kituo kizima kabla haijafika mezani kwa Inspekta Hebu. Jina hilo si la kuzaliwa. Wenzake walimbandika kwa sababu hajawahi kuuliza swali bila kuanza na "hebu", naye alikwisha kata tamaa ya kulikataa.

"Mlalamikaji, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, fundi cherehani mstaafu," alisoma kwa sauti. "Anaeleza kuwa mtu asiyemjua huingia nyumbani kwake mchana akiwa amelala, hushusha antena ya redio, kisha huondoka bila kuchukua kitu."

Sajini wa zamu alikuwa ameinamia kaunta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Bila kuchukua kitu, afande! Mwizi mwenye adabu zake!"

"Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja ndani ya wiki tatu. Na tarehe zote kaziandika."

Hapo Inspekta aliacha kutabasamu. Mtu anayezusha mambo hasemi kumi na moja, husema kila siku. Akachukua kofia yake.

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto. Mama Fundi alifungua kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani puani na futi ya kupimia shingoni, ingawa cherehani aliiacha miaka minane iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye waliyemtuma? Afadhali. Nilidhani wataniletea yule aliyekuwa anajikohoza ili asinicheke usoni."

Sebule ilikuwa ndogo na safi: kochi refu la kulalia mchana, kabati, redio juu ya kabati, dirisha la fremu ya chuma. Kichwani pa kochi ilisimama antena. Inspekta alitegemea kuona kijiti cha kuvuta kama anachokijua kila mtu, lakini hii ilikuwa na miguu mitatu, mlingoti wa bomba ndani ya bomba unaopanda na kushuka, skrubu ya kukazia katikati, na juu kabisa mikono miwili ya kukunjua. Waya ulitoka kitakoni ukaingia nyuma ya redio.

"Hebu nieleze inavyofanya kazi."

Alikuwa ameuliza swali ambalo Mama Fundi alikuwa akingoja kuulizwa tangu aihamie nyumba hii. "Stesheni yangu iko mbali, nyuma ya milima. Jengo hili nalo lina nondo kila ukuta. Ile antena ndogo ya redio yenyewe humu ndani haioni kitu. Hii alinitengenezea fundi redio mmoja, rafiki wa marehemu mume wangu. Mlingoti unasimama inchi hamsini na mbili kutoka sakafuni. Kila mkono inchi ishirini na tisa. Uielekeze kona ile ya dirisha, na pazia lisiiguse." Akawasha redio. Kelele tupu zikajaa sebuleni. "Umeona? Ni wewe. Sogea nyuma hatua moja."

Inspekta akasogea. Sauti ya mwanamume ikachomoza safi kabisa, ikisoma bei za mahindi kwa furaha isiyo na sababu. Akarudi mbele: kelele. Akarudi nyuma: mahindi. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu haikuwa kwa ajili ya upelelezi.

"Saa kumi kamili kuna kipindi cha salamu," alisema Mama Fundi. "Dada yangu yuko huko. Kila siku ananitumia salamu za kunichokoza, na mimi namjibu kwa simu akiwa bado anacheka. Kabla sijalala napima antena kwa futi. Nikiamka saa tisa na nusu nakuta mlingoti uko chini, mikono imekunjwa, kitako kimesukumwa ukutani, na skrubu imekazwa mpaka natumia koleo kuilegeza."

"Funguo za hapa ziko kwa nani?"

"Wangu, wa msimamizi wa jengo, na wa binti yangu. Ni nesi. Wiki tatu sasa huja kila siku. Akija asubuhi ananikuta macho, akija mchana ananikuta nimelala, basi ananifunika, anaacha chakula, anaondoka. Nilimuuliza. Akasema, mama, sijaigusa. Mtoto yule hajui kusema uongo. Alipokuwa na miaka sita alivunja sindano ya cherehani yangu akaniletea vipande mwenyewe, analia. Nikalifunga hilo."

Inspekta aliandika. "Hebu niambie, mama. Hakuna kilichoibwa. Kwa nini ukaja polisi?"

Mama Fundi aliizima redio kwanza. "Leo Jumanne. Jumamosi wananihamisha. Watoto wangu wamekaa kikao kwenye simu: mama anashusha antena mwenyewe, anasahau, kisha anasingizia watu. Kesho atasahau moto jikoni. Kwa binti yangu chumba kimeshapakwa rangi. Ni mtoto mwema, na nyumba yake nzuri. Lakini hapa nina mlango wangu, nikitaka naufunga, nikitaka naufungua. Kule nitakuwa mtu wa kuulizwa kama amekunywa dawa." Sauti yake ilitetemeka kidogo, akaikasirikia. "Ukiniambia nimechanganyikiwa, nitafunga mizigo. Lakini uniambie ukiwa umetafuta."

"Nitatafuta," alisema Inspekta.

Msimamizi wa jengo alikaa chini, mlangoni, na kitabu cha wageni ambacho alikilinda kuliko jengo. Inspekta alilinganisha tarehe zote kumi na moja. Hakuna mgeni hata mmoja aliyepanda ghorofa ya nne.

"Ufunguo wenu wa akiba?"

Ulikuwa kwenye msumari wake ubaoni. Buibui alikuwa ameufunga kwa utando mpaka kwenye msumari wa jirani, na alikuwa hajahama siku nyingi. Msimamizi alitaka kuufuta utando kwa aibu, Inspekta akamzuia. Ule ulikuwa ushahidi bora kuliko kiapo.

"Kama unamtafuta mbaya wake," alisema msimamizi akishusha sauti, "mtazame Mwalimu, mlango wa jirani. Redio ikiwashwa anagonga ukuta. Bibi wa watu hana amani."

Inspekta akapanda tena mpaka ghorofa ya nne. Mwalimu alikuwa mstaafu wa hesabu, mrefu, kafunga vifungo vyote mpaka kooni. Katika sebule yake kiti kimoja kilikuwa kimegeuzwa kuutazama ukuta, karibu kiasi kwamba mtu akikikalia magoti yangegusa rangi. Upande wa pili wa ukuta huo ilikuwa redio ya Mama Fundi.

"Unagonga ukuta?"

"Nagonga."

"Hebu sema kwa nini."

Mwalimu alivuta kola. "Ili airekebishe. Ikianza kukwaruza, nagonga. Akiirekebisha, naacha. Redio yangu stesheni ile haiipati hata kwa dawa." Akatazama kiti chake, akatazama dari. "Yule dada yake ana maneno, afande. Juzi alimtumia salamu mwanamke aliyeshona suruali ya bwana harusi miguu yote ya kushoto. Nilicheka peke yangu humu mpaka nikaona haya."

"Si ungebisha hodi tu, ukasikilize naye?"

"Mimi ni mjane, yeye mjane. Watu wataongea."

"Kwa hiyo unakaa umeupa uso ukuta."

"Ukuta hauongei," alisema Mwalimu kwa heshima zake zote.

Inspekta alijikuna kidevu ili asicheke. Hakuwa mbaya wake huyu. Alikuwa mwathirika wa pili. Na kama mwathirika yeyote aliyefundisha hesabu miaka thelathini, alikuwa ameweka kumbukumbu. Mwalimu alitoa daftari la miraba: kila siku alama ya vyema kama kipindi kilisikika tangu mwanzo, mkasi, yaani alama ya kosa, kama kilianza kwa kelele. Mikasi ilikuwa kumi na moja. Tarehe zote zilikubaliana na za Mama Fundi.

"Na siku za mkasi," aliongeza Mwalimu, "kuna sauti. Saa nane na dakika arobaini hivi. Kitu kinalia *krii*, kinashuka, kisha *tak*. Kabla ya hapo kuna viatu. Si vya kisigino. Soli laini, zinalia kwenye sakafu: nyii, nyii, nyii."

Inspekta alisimama ghafla. "Viatu vinaingia. Na kitabu cha wageni hakina mtu."

Alishuka mbio mpaka kwa msimamizi. "Hebu niambie. Binti wa Mama Fundi akija, unamwandika?"

Msimamizi alishangaa kama ameulizwa kama anajiandika mwenyewe. "Nesi? Nesi ni wa nyumbani, afande. Wa nyumbani haandikwi."

Kesho yake asubuhi Inspekta alikuwa wodini. Ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani nyuma ya meza ya manesi, na alipoomba kuinakili hakuna aliyemkatalia. Safu ya jina la binti wa Mama Fundi ilikuwa na zamu za kila aina. Alizichuja moja moja kwa kalamu. Zamu ya asubuhi, ile inayokwisha saa nane mchana: siku kumi na moja katika wiki tatu. Zote za mkasi. Siku nyingine alikuwa zamu ya jioni au ya usiku, na alipita kwa mama yake asubuhi.

Hesabu ilikuwa imekamilika, lakini haikumfurahisha. Ilikuwa inasema kwamba mtoto asiyejua kusema uongo amemdanganya mama yake, na sasa anamhamisha kwa uongo huohuo.

Nesi alikuwa kando ya kitanda namba sita, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, anazungumza na mzee aliyetoka kumaliza dripu. Inspekta alijitambulisha kwa sauti ya chini.

"Ni kuhusu mama?" Uso ulimsawijika. "Amekuja mpaka polisi. Ndiyo maana namwogopea, afande. Mzee, nyoosha mkono, baba, tumemaliza." Alichomoa sindano, akabonyeza pamba. "Mume wa jirani yangu alianza hivihivi. Miwani, funguo, mwisho akalisahau jina la mkewe. Mimi nawauguza watu wa watu, halafu mama yangu aanguke peke yake ghorofa ya nne?" Macho yalikuwa kwa mzee, mkono wa kulia ulikwenda kwenye stendi ya dripu, ukalegeza skrubu, *krii*, ukashusha mlingoti, ukakunja kulabu mbili za juu, ukakaza, *tak*, na mguu wake ukaisukuma stendi mpaka ukutani ili mtu asijikwae. "Nitamlea mwenyewe. Hilo ni kosa?"

"Si kosa. Hebu niambie, antena ya mama yako, uliwahi kuigusa?"

"Sijawahi hata siku moja." Alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hakuna hata punje ya uongo iliyokuwamo. "Niiguse ya nini?"

"Na hii stendi, umeishusha lini?"

"Stendi ipi?" alisema Nesi.

Inspekta Hebu alivaa kofia yake, akaagana naye kwa adabu, akatembea mpaka nje ya lango la hospitali. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka muuza magazeti akamuuliza kama yuko salama.

Saa nane na robo mchana huohuo, jikoni kwa Mama Fundi, walisimama watu wawili nyuma ya mlango uliofunguliwa upenyo wa vidole vitatu. Mmoja alikuwa mpelelezi. Wa pili alikuwa Mwalimu, aliyeitwa kuwa shahidi asiye na upande, na ambaye kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa amevaa tai. Inspekta hakuwa amemwambia mtu yeyote atakachokiona. Alitaka waone kwa macho yao.

"Mama, kazi yako ni kulala," alinong'ona. "Usifumbue macho mpaka nikuite."

"Nimelala miaka sabini," alijibu Mama Fundi kutoka kwenye kochi. "Najua inavyofanywa."

Antena ilisimama kichwani pake, inchi hamsini na mbili, mikono imenyooka kama mteja anayepimwa mabega. Ufunguo ukageuka mlangoni.

Nyii, nyii, nyii. Mwalimu alimbana Inspekta mkono kwa nguvu.

Nesi aliingia na sare yake na mfuko wa chakula. Aliweka mfuko mezani, akasogea kochini, akavuta khanga mpaka kwenye miguu ya mama yake, akachomeka pembe. Kisha akasimama akitazama kifua cha mama yake na saa yake ya mkononi, midomo ikihesabu pumzi. Na wakati anahesabu, bila kugeuza shingo hata kidogo, mkono wa kulia ulipanda kwenye skrubu ya antena. *Krii.* Mlingoti ukashuka. Mikono ikakunjwa, mmoja, wa pili. *Tak.* Mguu ukaisukuma antena mpaka ukutani, taratibu, mgonjwa asiamke. Alitabasamu, akamgusa mama yake shavu, akachukua mfuko akaenda jikoni.

Alipofungua mlango akakutana na tai ya Mwalimu. Ukelele alioupiga ulisikika mpaka kwa msimamizi.

"Samahani, dada," alisema Inspekta. "Hebu kabla hujatulia, niambie. Tangu umeingia umegusa nini?"

Nesi alishika kifua. "Mlango. Meza. Khanga, nimemfunika mama. Nimehesabu pumzi zake, kumi na sita, nzuri. Shavu. Basi."

"Antena?"

"Afande, nimekwambia asubuhi—"

Kwenye kochi kitu kilianza kutetemeka. Mama Fundi alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, lakini kicheko kilimtoka kwanza puani, kisha mdomoni, na mwisho alikaa kitako akicheka machozi, akinyoosha kidole ukutani. Nesi akageuka. Akaiona antena imekunjwa, imeshuka, imesimama kando kama stendi ya mgonjwa aliyeruhusiwa.

Alitazama mkono wake wa kulia. Akaugeuza, upande wa kiganja, upande wa juu.

"Mimi?"

"Mashahidi watatu," alisema Mwalimu. "Mmoja akiwa amelala, lakini wawili tunatosha."

"Miaka mingapi wodini?" aliuliza Inspekta.

"Kumi na tisa." Alikaa chini, palepale sakafuni. "Mgonjwa akimaliza, unashusha stendi. Mtu akiiacha juu, mwenzako anatobolewa jicho. Sifikirii, mkono unaenda wenyewe." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikapinduka akalia. "Mama, nimekuita msahaulifu mbele ya kaka. Nimekupakia rangi chumba. Nisamehe, mama yangu. Ulikuwa unasema kweli siku zote kumi na moja."

"Nyamaza huko." Mama Fundi alikuwa ameshuka kwenye kochi, ameketi sakafuni karibu naye, amekishika kile kiganja kwa mikono miwili. "Hujasema uongo. Mimi pia sijasahau. Wote wawili tuko wazima, nini tena tunataka?"

"Chumba kina rangi ya zambarau," alilia Nesi. "Na wewe huipendi zambarau!"

"Naichukia," alikubali mama yake, na wakacheka tena wote wawili, wameegemeana. Mwalimu alilazimika kuifungua tai afutie macho.

Inspekta alifungua jalada. Alisema kituo kingehitaji maelezo ya kufungia kesi. Nesi alijifuta uso, akaomba kalamu ayaandike mwenyewe. Aliandika kama anavyoandika kwenye faili la mgonjwa, tarehe na saa pembeni: kwamba antena ilishushwa na yeye, mara kumi na mbili ukihesabu na leo, bila kujua, kwamba mama yake hakusahau kitu chochote wala hakusingizia mtu, na kwamba akili za mama yake ni timamu, pengine kuliko za mwandishi. Akatia sahihi. Mama Fundi aliisoma karatasi ile mara mbili, akaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipoirudisha macho yalikuwa yanang'aa.

Halafu Nesi akapiga simu, sauti juu, wote wasikie. "Kaka, mama hahami."

"Kwa nini?" iliuliza simu. "Nani basi alikuwa anashusha antena?"

Nesi alifungua mdomo, akaufunga. Mama Fundi akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Mwizi kakamatwa, mwanangu," alisema. "Ndiyo, leo mchana. Inspekta mwenyewe. Hapana, hatumpeleki kokote, amekiri na ameomba radhi. Kifungo chake tumempa hapahapa: kila akitoka kazini mchana atakaa kochini kwangu mpaka saa kumi na moja, asiguse kitu. Haya, wasalimie watoto."

Saa kumi ilikuwa imebakiza dakika nne. Walipandisha mlingoti, Mwalimu akisoma futi, Inspekta akinyoosha mikono ya antena, Mama Fundi akiamuru kila mtu arudi nyuma, zaidi, zaidi, hapo. Sauti ikachomoza safi. Salamu ya kwanza ilikuwa ya dada mtu, na ilihusu suruali, na Mwalimu kwa mara ya kwanza aliicheka pamoja na watu.

Nesi alikuwa ameanza zamu alfajiri. Alivua viatu, akajinyoosha kwenye kochi la mama yake, na kabla salamu ya pili haijaisha alikuwa anakoroma. Inspekta alielekeza kidole kwenye redio, akiuliza kwa nyusi kama apunguze sauti.

"Usiiguse," alisema Mama Fundi. "Hapa ni kwangu."